Mchanga wa Kukandia Mgongo

Mgongo wangu umepona. Naanza na hilo kwa sababu watu wakinikuta nimekaa kimya hudhani ni mgongo, na wengine wameniletea mpaka mafuta ya nyonyo. Sina shida na mafuta. Nainama hadi vidole vinagusa chini, nabeba ndoo ya lita ishirini kutoka bombani mpaka kwangu bila kupumzika njiani, na nikilala nageuka upande ninaoutaka. Miaka sita niliyatamani hayo, na sasa ninayo yote.

Naitwa Mageni, ni mponda mawe wa hapa Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu. Wanaume wanateremka shimoni na kupandisha mawe kwenye viroba, sisi wanawake tunakaa chini, miguu tumeinyoosha, tunayagonga kwa nyundo mpaka yawe madogo ya kuingia kwenye karasha la kusagia. Unakaa hivyo tangu asubuhi mpaka jua linapoinama. Mwaka wa nne wa kazi hiyo kiuno kilianza kunikata, na mwaka wa tano nilikuwa nanyanyuka kwa kushika ukuta kama niliyejifungua jana.

Usidhani nilikaa tu. Nilikwenda kwa Maduhu, mganga wetu, akanichanja chale kuanzia kiunoni mpaka katikati ya mabega, akapaka dawa nyeusi, akasema ni mke mwenzangu ndiye aliyenifunga mgongo. Mume wangu alikuwa na miaka kumi kaburini, na alipokuwa hai hakuwa na uwezo wa kumlisha hata huyo mmoja. Nikamwambia Maduhu amtafute huyo mke mwenza, akimpata amwambie aje tugawane kazi. Baada ya hapo nikahamia kwenye sindano za dukani. Kijana wa duka la dawa alikuwa ananidunga kila Jumatatu, maumivu yananyamaza mpaka Jumatano, halafu yanarudi na hasira. Nikaongeza vidonge vya diklopa mpaka tumbo likaanza kuwaka moto. Nikanunua mkanda mnadani, nikajifunga kama askari, ukanitoa malengelenge. Mwisho mtu mmoja akanishauri nilale nisifanye chochote, nikalala wiki saba, na nilipoinuka nilikuwa na hali mbaya kuliko nilivyolala. Kilichobaki, wakasema, ni kupasuliwa, na kila aliyesema hivyo alikuwa na hadithi ya mtu aliyepasuliwa mgongo asitembee tena. Nikaona bora nife na mgongo wangu mzima.

Kilichonitoa humo ni Mbuke.

Mbuke ni mtoto wa binti yangu Violeth, aliyepewa jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo mimi nilikuwa namwita mama na yeye ananicheka. Violeth anapika chakula Isaka, pale malori yanaposubiri mizigo ya kwenda magharibi. Mtoto alipoanza kutembea akawa anapotea chini ya magari. Siku moja lori lilirudi nyuma, likasimama hatua moja kutoka alipokuwa amechuchumaa anachezea kifuniko cha chupa. Kesho yake Violeth akapanda gari akamleta kwangu. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, mnene, mguu wake ukiushika unajaa mkono.

Violeth alitaka kuona nikimbeba. Nikainama, akamweka mgongoni, nikavuta kitenge nifunge fundo. Sikulifikia fundo. Kiuno kilikatika, nikapiga magoti, mtoto akanipita kichwani, Violeth akamdaka mguu. Hakunigombeza. Alisema atanipa mpaka mwisho wa mwezi uliofuata, na kama nitakuwa bado siwezi kumbeba atamchukua arudi naye Isaka, maana mtoto anayekimbia anahitaji mtu wa kumkimbiza. Nilijua Isaka kuna nini. Usiku ule sikuuona usingizi.

Ndipo nikaenda mjini, Ngokolo, kwenye kliniki ndogo ya viungo aliyonielekeza mwanamke mmoja wa kanisani. Aliyenipokea alikuwa kijana wa Njombe, Wiliam, mtaratibu, anayeuliza na kusubiri jibu. Aliniinamisha, akaninyoosha, akaninyanyua mguu mmoja mmoja, akanigonga goti kwa kinyundo. Akaniuliza kama mkojo unatoka vizuri na kama nina ganzi sehemu za kukalia. Nikamjibu kwamba kwa umri wake maswali hayo alipaswa kumuuliza mke wake. Akacheka, lakini akasubiri jibu. Nikampa.

Aliponiambia sihitaji kupasuliwa nilitaka kumkumbatia. Alisema mfupa haujavunjika wala hakuna kilichohama. Misuli ya kiuno na tumbo imechoka na kudhoofika, na kule kulala wiki saba kuliidhoofisha zaidi. Sindano hazikuwa zikitibu, zilikuwa zikininyamazisha niendelee kujiumiza. Dawa yangu ni mazoezi kila siku, na uvumilivu wa miezi mitatu.

Akanifundisha. Kulala chali, magoti juu, kunyanyua kiuno na kuhesabu kumi. Kuvuta goti kifuani. Kupiga magoti na mikono, kisha kunyoosha mkono huu na mguu ule, mfano wa mbwa aliyekuta nguzo. Kutembea nusu saa kila asubuhi. Kazini nisikae chini tena: nikalie kigoda, jiwe niliweke juu ya gogo, na kila baada ya muda nisimame. Na kabla ya mazoezi, joto. Dakika ishirini za joto kiunoni ili misuli ilegee.

Hapo kwenye joto ndipo tulipohangaika. Umeme kwangu hakuna. Ule mpira wa kutia maji ya moto sina. Akasema chumvi, kilo mbili, unaikaanga na kuitia kwenye mfuko wa kitambaa. Nikamtazama tu. Akaona.

"Basi mchanga," akasema. "Mchanga mlaini, msafi, usio na mawe. Ukaange kwenye sufuria mpaka uwe wa moto, utie kwenye mfuko wa kitambaa kizito, lalia. Mchanga hauuzwi, mama."

Nikarudi Mwakitolyo nikitabasamu garini peke yangu. Mchanga? Nani ana mchanga kunizidi mimi?

Nyuma ya nyumba yangu ulikuwepo mwalo wa zamani, mahali walipokuwa wakioshea dhahabu kabla maji hayajahamia upande wa pili. Waliacha kichuguu kikubwa cha marudio, ule mchanga unaobaki mawe yakishasagwa, yakaoshwa, na dhahabu yake ikakamatwa kwa zebaki. Marudio ni laini kuliko unga wa sembe. Hayana jiwe, hayana mzizi, hayana kinyesi cha mbuzi. Tulikuwa tunasugulia masufuria, tunakandikia kuta. Ukimwambia mtu wa hapa akutafutie mchanga mlaini na msafi, hatakwenda mtoni.

Wala usiniambie sikuijua zebaki. Niliijua. Jirani yangu Makoye alikuwa anachoma dhahabu uani kwake, na siku Mbuke aliposogea kwenye ule moshi nilimtukana Makoye mpaka watu wakatoka nje. Zebaki kwa tulivyoielewa inaingia na dhahabu na kutoka na dhahabu. Unaimwaga kwenye beseni, unakoroga, inaikamata, unakamua kwa kitambaa, unalichoma donge, imekwisha. Kinachobaki ni udongo uliokamuliwa kila kitu. Hivyo ndivyo tulivyoelezana miaka yote, na sijawahi kumsikia mtu akibisha.

Nikashona mfuko kwa turubai la zamani. Kila jioni kabla ya kupika ugali nilikuwa naweka jiko ndani, nafunga mlango kwa kuwa lazima nivue nguo ya juu, nakaanga mchanga mpaka unapiga joto usoni, naumimina kwenye mfuko, naulalia. Ukipungua joto naukaanga tena. Kila Jumamosi nilikuwa naumwaga na kuchota mpya kichuguuni, maana nilipenda usafi. Mbuke alikuwa ananikalia miguuni. Nikianza mazoezi naye anaanza. Ananyanyua kiuno chake kidogo, anaanguka, anacheka, ananyanyua tena. Kuna jioni tulicheka mpaka nikashindwa kuhesabu kumi.

Na ulifanya kazi. Sitaki mtu anidanganye leo kwamba haukufanya kazi. Wiki ya tatu nilivaa sketi bila kukaa kitandani. Wiki ya tano nikamfunga Mbuke mgongoni, nikaenda naye mnadani na kurudi. Violeth alipokuja mwisho wa mwezi nilimpokea njiani, mtoto mgongoni, nikampokea na begi lake nikaweka kichwani. Akasimama katikati ya barabara akalia. "Wabeja, mayu," akaniambia, asante mama, na akarudi Isaka mikono mitupu, moyo mweupe.

Nikawa fundi. Waponda mawe wenzangu walikuja kuuliza, nikawaonyesha kigoda, gogo, mazoezi na mfuko. Wanne walishona ya kwao. Lusia, aliyekuwa amejifungua mwezi uliotangulia, nilimshonea mwenyewe, na mchanga nikamchotea kwangu.

Mwezi wa tatu Mbuke akaanza kubadilika. Kwanza akawa analia bila sababu, yeye aliyekuwa halii hata akianguka. Akawa anatokwa jasho mpaka shuka inalowa. Watu wakasema meno. Kisha viganja na nyayo vikawa vyekundu, ngozi ikaanza kuchubuka, akawa anasugua mikono yake ukutani. Wakasema surua, wengine wakasema jicho la mtu. Akaacha kula. Akaacha kutembea. Mtoto aliyekuwa anakimbiza kuku akawa anakaa pale nilipomweka, mikono inatetemeka, anatazama chini. Mkoba wa Maduhu sikuugusa safari hii. Nilimfunga mgongoni nikampeleka hospitali mjini.

Tulilazwa wiki tatu. Walimpima malaria, damu, mkojo, wakampa dawa za ngozi, wakampa maji ya mshipa. Daktari mmoja, mama mtu mzima, alirudi kwangu mara mbili na swali lilelile: tunatoka machimboni, je, kuna anayechoma dhahabu nyumbani? Nikaapa hakuna. Nikamweleza nilivyomtukana Makoye, nikamweleza kwa fahari. Akaandika, akasema kuna kipimo ambacho hapo hakipo, ataangalia namna ya kutuma sampuli. Lakini siku zilivyokwenda Mbuke akaanza kuwa nafuu. Jasho likakauka. Akaomba uji. Siku ya kumi na tisa alisimama kwa kushika kitanda, akapiga hatua mbili. Wakaturuhusu, tukaambiwa turudi baada ya wiki mbili.

Nilisema ni Mungu, na ni dawa. Kwamba wiki tatu zile hakuna mtu aliyekaanga mchanga pembeni yake, hilo halikunijia kichwani. Lingenijiaje?

Tulirudi na mvua. Siku nne mfululizo, asubuhi mpaka jioni, bati linapigwa hatusikiani. Mgongo wangu ulikuwa umekakamaa kwa wiki tatu za kulala kwenye benchi la wodini, na nilikuwa na hofu ukinirudia nani atambeba. Nikaweka jiko ndani, nikaziba dirisha kwa gunia, nikakaanga mchanga. Nilikaanga mwingi kuliko siku zote kwa sababu Mbuke alikuwa anasikia baridi, amekonda, miguu ya barafu. Nikamshonea mfuko wake mdogo kwa mkono wa shati la marehemu babu yake. Nikamwekea miguuni, ukipoa naujaza tena, na siku ya pili nikamwekea na kifuani. Mchana kutwa jiko lilikuwa linawaka na sufuria iko juu.

Siku ya tatu akaanza kukohoa. Siku ya nne pumzi ikawa fupi, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta. Nikamfunga mgongoni, nikatoka naye kwenye mvua kuelekea zahanati. Nilikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, nilikimbia kwenye tope, na mgongo haukulalamika hata mara moja. Nilipofika nesi alifungua kitenge, akamshika shingoni, akaniambia nikae chini.

Tulimzika Mwakitolyo. Violeth alikuja, akakaa siku saba, akanihudumia mimi kama ndiye niliyefiwa peke yangu. Aliwasimulia watu jinsi mama yake alivyojiponya mgongo ili alee mjukuu, na jinsi nilivyokimbia naye. Alipoondoka aliniomba nisijilaumu.

Baada ya mwezi nikaenda kliniki, kwa sababu siku ilikuwa imeandikwa kwenye kadi na sikuwa na la kufanya nyumbani. Safari iliyotangulia Wiliam alikuwa ameniagiza niende na mfuko wangu wa mchanga, awaonyeshe wagonjwa wengine namna ya kushona. Akanipima, akanisifu. Akaniuliza habari za mjukuu niliyekuwa nikimsimulia habari zake. Nikamweleza. Alikaa chini, akauliza kwa upole ilianzaje, nikamtajia jasho, viganja vyekundu, kutetemeka. Alikuwa anafungua mfuko wangu huku ananisikiliza, akamwaga mchanga kidogo kiganjani. Ulikuwa wa kijivu, kama majivu yaliyolowa. Vidole vyake vikasimama.

"Mama, mchanga huu ulitoa wapi?"

"Kwangu, nyuma ya nyumba. Ni marudio."

"Marudio ni nini?"

Alikuwa mtu wa Njombe, mambo ya machimboni hakuyajua. Nikamweleza, na nilipofika kwenye zebaki nilisikia sauti yangu ikipungua yenyewe, kwa sababu nilikuwa naona uso wake. Aliurudisha mchanga kwenye mfuko, akaufunga mdomo, akautoa nje, akanawa mikono muda mrefu, akaniuliza nilikuwa naukaangia wapi, nikamwambia ndani, mlango umefungwa. Akampigia simu mtu, wakazungumza, nikamsikia akisema mlango ulikuwa umefungwa, ndiyo, kila siku. Aliporudi alisema zebaki haitoki yote na dhahabu. Nyingi hubaki kwenye mchanga, haionekani, haina harufu, na ukiipasha moto inapanda hewani. Mtu mzima anaweza kuivuta asihisi kitu. Mtoto mdogo haihimili.

Kisha akasema, "Ni mimi niliyekwambia mchanga."

Alikuwa analia, na mimi nikawa ninambembeleza, mtoto wa watu. Kwao mchanga ni mchanga. Asingejua. Mimi ndiye niliyetakiwa kujua, mimi niliyekaa na hicho kichuguu miaka tisa.

Nilianza kuwaambia wale wasionihusu, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi. Nilipita kwa wanawake wanne, nyumba kwa nyumba, nikakusanya mifuko. Watatu walinipa bila maneno mengi. Lusia alikataa. Alisema mgongo wake haujawahi kuwa mzuri hivi, na mwanawe ni mzima, na mimi nimechanganyikiwa na msiba. Mtoto alikuwa mapajani mwake. Nilimshika mtoto mkono, nikakifungua kiganja, nikakigeuzia kwenye mwanga wa mlangoni. Kilikuwa chekundu. Lusia alikitazama, kisha akaufuata mfuko ndani. Kesho yake alimpeleka mjini kwa yule daktari mama.

Ikabaki Isaka. Nilikaa wiki mbili nikijiambia hakuna faida, aliyekufa amekufa, kwa nini nimtoneshe Violeth kidonda kilichoanza kufunga. Halafu nikafikiri atalisikia kwa mtu mwingine, maana Mwakitolyo hakuna siri, nikapanda gari.

Nilimkuta jikoni kwake, masufuria yanatokota, madereva watatu wamekaa kwenye benchi. Alinipa shikamoo, akafurahi, akaniambia nimenyooka. Nikamwambia nina neno, nikalisema hapohapo nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitalisema. Nilimwambia yote: mchanga, marudio, jiko, mlango. Hakunikatiza. Alimaliza kumpakulia dereva wa kwanza, akampelekea sahani, akarudi, akanawa mikono.

"Zile siku za mvua," akauliza, "ulimwekea wapi?"

"Miguuni. Halafu kifuani."

"Alikuwa analia?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Lakini nilikuwa nimekuja kusema kweli, na nilidhani jibu hili angalau litampoza.

"Hapana. Aliukumbatia. Ukipoa alikuwa ananinyooshea mwenyewe nimpashie tena."

Violeth alishika ukingo wa meza. Nilisogea nimguse, akarudi nyuma hatua moja, akasema bila kupandisha sauti:

"Hilo la mwisho, mayu, ungebaki nalo."

Akachukua sahani nyingine, akaanza kumpakulia dereva wa pili.